Kabla hujapanda Amani

Wageni wangu wakishamaliza ufukwe wa Raskazone na mapango ya Amboni, Tanga, nawapeleka bustani ya Amani, wilayani Muheza. Ila nawaambia mapema: msitegemee matuta ya maua wala nyumba za vioo. Hii ni bustani ya miti. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, wakaleta miche kutoka nchi mbalimbali za joto waone ipi itashika: kwinini, mpira, viungo, miti ya mbao. Mingi imeshakuwa mirefu mno. Ukipita peke yako utaona pori tu, urudi Muheza unalalamikia nauli.

Kwa hiyo chukua mwongozaji, na usikubali akukimbize. Mwombe akuokotee jani la mdalasini ulifikiche, unuse. Halafu mdadisi kuhusu mti uitwao Maesopsis eminii. Ulipandwa kwa ajili ya mbao, hondohondo wakayapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, na sasa umejipenyeza hadi ndani ya msitu wa asili wa Usambara Mashariki. Kwangu mimi kisa hicho kinashinda vibao vyote vya majina.

Wengi hufuata ua moja, Saintpaulia. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huku Usambara, ndiye aliyelipeleka kwao. Hermann Wendland akaliotesha katika bustani za kifalme za Herrenhausen, mjini Hannover, na mwaka 1893 akalipa jina la huyo Baron (wenyeji waliokuwa wakilipita kila siku hawakuulizwa). Leo Wazungu wanalifuga kwenye vyungu madirishani. Huku Usambara inabidi uiname: limejishika kwenye mwamba wenye kivuli na unyevu, majani mazito yenye vinyweleo, ua la zambarau na vidoa vya manjano katikati. Litazame, lipige picha, uliache hapo hapo. Ukitaka la nyumbani, nunua kwa wauza miche.

Safari yenyewe: ingilia Sigi, kwenye jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani, upate maelezo kabla ya kupanda. Njia ina kona nyingi, na masika huteleza vibaya. Machi hadi Mei mimi sithubutu kwenda na gari dogo. Beba sweta hata kama Tanga mjini mnatokwa jasho, kwani Amani iko mita 900 hivi juu ya bahari. Viatu viwe vya kufunika vidole, tafadhali. Kandambili ziache Tanga.

Mkiweza, laleni huko huko badala ya kwenda na kurudi siku moja. Usiku mwombeni mwongozaji awatembeze na tochi kutafuta vinyonga. Mchana huwaoni ng'o, lakini wakilala rangi yao hupauka, mwanga ukiwapiga wanaonekana waziwazi matawini.