Mtalii kaniandikia "I'll look you up", ananitakia nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nabeba watalii na gari huku Mombasa, kuna mzee mmoja wa Uingereza niliwazungusha yeye na mkewe hadi Tsavo, wakarudi kwao tukaagana vizuri tu. Sasa juzi kanitumia imeli kamalizia hivi, "I'll look you up next time I'm in Mombasa". Shule tulifunzwa "look up" ni kutafuta neno kwenye kamusi. Sasa mimi ndo neno? Ama ataka kunipekua kwenye intaneti aone kama nina kesi? Halafu hiyo "you" mbona imejipenyeza katikati? Dereva, Mombasa.

JIBU: Marahaba kaka. Lala usingizi, huyo mzee kakupenda. "Look somebody up" ni kumtafuta mtu mliyepoteana siku nyingi pale unapofika kwao, unampigia simu au unampitia mnywe chai, na sisi wenyewe si twasema "nikija huko ntapita kukuangalia" na hakuna anayedhani anakuja kukaguliwa. Kinachoonyesha ni ziara ni hayo maneno ya mwisho, kwamba atakuwa Mombasa. Angeandika "I looked you up on Facebook" hapo ndo ujue kashaingia kwenye profaili yako na mapicha ya harusi kayaona yote. Ingawa siku hizi kwa hilo wengi husema tu "I googled you", na tangu 2006 kamusi kubwa ya Oxford imeshalikubali kama kitenzi.

Hiyo ya shule nayo iko sawa kabisa. Unatumia "look up" pale jibu lilipo tayari limeandikwa mahali, we kazi yako kufungua tu: maana ya neno, namba ya simu, SGR inatoka saa ngapi, dola leo ni shilingi ngapi. Funguo zikipotea hapo ni "look for", maana hakuna kitabu kilichoandika funguo zako ziko chini ya kochi. Na askari anayefuatilia wizi yeye "is looking into it", anachunguza. Hii ya mwisho ndo inawaumbua watu maofisini, bosi anasema "look into this complaint" mtu anaenda kugugo malalamiko badala ya kumpigia mteja amuulize kulikoni.

Sasa "you" yako. Chukua kamusi ya Oxford ile ya wanafunzi, fungua kwenye "look", usiende kwenye "up" utapotea, shuka mpaka mwisho wa maelezo kule kwenye vitenzi vya maneno mawili mawili. Utakuta "look sth up" (hiyo "sth" ni kifupi cha "something", yaani kitu) na katikati ya "look" na "up" kuna kimshale chenye ncha mbili, wengi wanakiruka wakidhani ni pambo. Kile kinakwambia kitu kinachotafutwa kinaweza kukaa ndani au nje, "look the word up" sawa, "look up the word" sawa. Ila ukitumia vile vineno vifupi kama it, you, him, them, lazima viingie katikati, "look it up", ukisema "look up it" Mwingereza atakuelewa lakini atakunja uso. "Look for" haina kimshale, kwa hiyo "look for it" basi, hakuna kuingiza kitu kati.

Usichanganye na "look up to", hiyo ni kumheshimu mtu na kutaka kuwa kama yeye, wala "things are looking up", yaani mambo yanaanza kunyooka.

Mzee mjibu fupi tu: "Please do, my number is still the same." Na bei ya Tsavo ya msimu ujao usiiweke kwenye imeli hiyohiyo, ngoja aulize mwenyewe.