Mnaoniuliza kuhusu yule bibi na mashamba ya ngano

Tangu nitume zile picha za ngano kwenye grupu la ukoo meseji haziishi, binamu anauliza eti kweli wazungu wa huku waligawiwa ardhi bure, shangazi naye anasema huyo bibi ninayemhudumia ni tajiri, nimwombe hata ekari kumi. Haya nawajibu wote mara moja.

Kwanza mimi sio mkulima, niko Saskatchewan, jimbo la Kanada, kwenye nyumba ya wazee, naogesha, nalisha, nageuza watu kitandani, ndo boksi langu hilo. Bibi kazaliwa 1926, wazazi wake Waukraine walikuja 1912 kutoka Galicia, wakati huo iko chini ya Austria. Ardhi ni kweli walipewa, ekari 160 kwa ada ya dola 10, ila masharti sasa, ukae hapo miaka mitatu, ufyeke, ulime, ujenge, ndo upate hati. Na hati ni ya mwanaume, mwanamke hapewi labda awe mjane mwenye watoto wadogo. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa shimo limechimbwa ardhini likaezekwa kwa udongo na majani, na baridi ya huku inafika nyuzi 40 chini ya sifuri, sitanii. Vita ya 1914 ilipoanza, Kanada ikipigana na Austria, baba yake akahesabiwa adui kwa sababu ya makaratasi ya Austria, ikawa lazima aripoti polisi, na watu zaidi ya 8,000 wakafungiwa makambini, wengi Waukraine.

(Na hiyo ardhi ya "bure" ilikuwa na wenyewe, wenyeji wa asili, Wakrii na wenzao, walishasainishwa mikataba miaka ya 1870 wakasukumiwa pembeni. Wazee wa Katesh, kule Hanang Tanzania, hilo hawahitaji kuelezwa, waliona wafugaji Wabarabaig walivyoondolewa Basotu kupisha ngano, na wataalamu walitoka hukuhuku Kanada.)

Utoto wake ukaangukia miaka ya 30, ukame, vumbi, bei ya ngano imeporomoka. Anasema sahani zilikuwa zinapangwa mezani zimefunikwa, unazigeuza chakula kikishafika, ukiwahi kuzigeuza unakula mchanga. Wenye magari walikosa hela ya petroli wakayafungia farasi wavute, wakayapa jina la waziri mkuu wao, Bennett, kwa hasira.

Kaolewa 1946, na hapo ndo kazi ilipoanza jamani. Saa kumi alfajiri yuko na ng'ombe, kuku, bustani, mikate, watoto sita, anayeyusha theluji jikoni apate maji ya kufulia, akianika suruali zinaganda mpaka zinasimama zenyewe. Umeme ulifika kwao miaka ya 50. Hela ya ngano ilikuwa ya benki na ya trekta, viatu vya watoto vilitoka kwenye mayai na krimu aliyouza yeye. Mpaka leo jioni akili ikishachoka anashika pindo la shuka analibanabana kwa vidole, taratibu, kutoka kona hii mpaka ile. Binti yake ndo alinieleza, anafunga pyrohy, kama sambusa ila za kuchemsha, ndani viazi.

Sasa huo utajiri shangazi. 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimnyima mama mmoja wa Alberta, Irene Murdoch, sehemu ya shamba aliyoitolea jasho miaka 25, eti alifanya tu kazi ya kawaida ya mke wa mfugaji. Wanawake waliwaka, majimbo yakabadili sheria mwishoni mwa miaka ya 70. Kwa bibi haikusaidia, mzee alipofariki shamba lilienda kwa kijana mkubwa, kijana akauza akahamia Calgary. Ekari hata moja hana. Watoto wanapiga simu Jumapili.

Na binamu, siku hizi hakuna cha bure, mgeni asiyeishi Kanada haruhusiwi hapa Saskatchewan kumiliki zaidi ya ekari 10 za shamba. Ukitaka kazi hii yangu sema, nitakuelekeza, tafuta cheti cha uuguzi na Kiingereza kwanza.

Ila nasikia mnataka kuuza shamba la baba mpate nauli ya binamu. Mimi siafiki, na kabla hamjaongea na mteja yeyote jina la mama liingie kwenye hati, yeye ndo analima pale tangu niko tumboni.