Draiva inaanguka kifaa kikichomolewa: usiikimbilie devm_kzalloc

Acha hapo hapo mkuu, usiikompaili hiyo kodi. Umesema draiva yako ya kipimajoto cha USB inaangusha mashine mtu akichomoa kebo wakati programu bado inasoma, na sasa unataka kubadilisha kzalloc zote (zinazoomba memori ya kerneli) ziwe devm_kzalloc (inayoifunga memori hiyo kwa kifaa), ufute kfree zote (zinazoirudisha), eti kerneli itasafisha yenyewe. Ukauliza pia utumie kufuli la aina gani, spinlock au mutex, na ufanyeje mashine inapolala. Leo najibu hilo la kwanza tu, maana ndilo lililonitoa jasho kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwa C, na wewe unalikimbilia huku unacheka.

Kanuni yangu ni moja na sipunguzi bei: uhai wa memori hauamuliwi na kifaa, unaamuliwa na wa mwisho anayeishika. Ndani ya remove, au disconnect kwa upande wa USB, yaani fanksheni inayoitwa kifaa kikiondoka, hakuna kuachilia muundo (struct) wa draiva. Unazima, unaamsha waliolala, unaachia rejeo lako (hesabu ya kwamba nawe unaushika), basi.

devm_ iliingia na kerneli 2.6.21 mwaka 2007, na kwa kazi iliyokusudiwa ni nzuri sana. Kila ulichoomba kwa jina la kifaa kinarudishwa, kwa mpangilio wa kinyume, draiva inapotenganishwa na kifaa. Hakuna aliyekuahidi kwamba itasubiri programu zifunge mafaili yao.

Sasa tazama. Draiva yangu ilikuwa na muundo mmoja mkubwa wenye kufuli, foleni ya kusubiri, bafa na cdev (faili la kifaa kwa upande wa kerneli), vyote vimetengwa kwa devm_kzalloc. Programu inaita read, data hakuna, inalala kwenye foleni. Mtu anachomoa kebo. disconnect inaita cdev_del, inaamsha foleni, inarudi kwa raha zake. Ikisharudi tu, kerneli inaita devres_release_all, ile inayorudisha vyote vya devm_, na muundo wote unakwenda. Aliyekuwa amelala anaamka na kunyoosha mkono kushika kufuli ambalo halipo tena.

Mashine ingeanguka palepale ningeshukuru. Shida ni kwamba memori iliyoachiliwa inagawiwa upya kwa yeyote atakayeomba ukubwa unaofanana. Prosesi yangu ikaandika kwenye memori ambayo tayari ni mali ya mwingine, na aliyeanguka akawa mfumo wa mafaili, muda mzuri baadaye, kwenye kodi ambayo sijawahi hata kuifungua. Nikaulaumu mfumo wa mafaili. Kisha nikailaumu RAM. Nikaipima usiku kucha, ikapita bila kosa, na bado nikanunua nyingine, kwa sababu mimi ni mtu wa kujiamini. RAM mpya nayo ikawa "mbovu". Msinicheke, nyie ambao draiva zenu ni imara kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwachomolea kitu.

Na aliyenifikisha huko hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mkaguzi wa kodi ya draiva yangu, mtu ambaye neno lake halirudishwi. Nilikuwa na kzalloc ya kawaida pamoja na kref (kihesabu cha rejeo), na kwa kweli ilikuwa karibu kuwa sahihi. Akaniandikia: tumia devm_, kodi itapungua. Ikapungua kweli! Nilipomrudia na logi za mashine kuanguka, akasema watumiaji wafundishwe kufunga programu kabla ya kuchomoa. Yaani mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote ya pekee, anaweza kuharibu memori ya kerneli kwa kuvuta waya, halafu dawa ni semina. Ongezea ile mifano ya mtandaoni inayonakiliana: kila mmoja una devm_kzalloc mwanzoni mwa probe (fanksheni inayoitwa kifaa kikiunganishwa), na sijaona hata mmoja unaofungua faili la kifaa kisha kukiondoa kifaa. Mwaka 2022 Laurent Pinchart, mtengenezaji wa kerneli, alisimama kwenye Linux Plumbers Conference, mkutano wa watengenezaji wa Linux, kule Dublin kueleza madhara ya devm_kzalloc, jambo hili hili. Kwa hiyo leo hakuna wa kusema hajaambiwa.

Subiri, kuna aibu kubwa zaidi. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa bendera: disconnect inaandika kwamba kifaa kimeondoka, read ikiamka inaiangalia, ikikuta kimeondoka inarudisha -ENODEV (kosa la "hakuna kifaa"). Nikajipongeza. Bendera yenyewe ilikaa wapi? Ndani ya muundo ule ule ulioachiliwa. Nilikuwa namuuliza marehemu kama amefariki. Memori ikiwa bado haijagawiwa upya, anajibu ndiyo, jaribio linapita, ndiyo maana mezani kwangu kila kitu kilikuwa shwari. Ikishagawiwa na kujazwa sifuri, anajibu yuko hai na buheri wa afya, na prosesi inaendelea na kazi.

Aliyenifumbua macho ni KASAN, chombo cha kunasa makosa ya memori, ambayo iko kwenye kerneli tangu 4.0 ya mwaka 2015. Inapunguza kasi ya mashine na kula memori, lakini ripoti yake inakupa njia tatu za miito ya fanksheni: aliyegusa, aliyeomba, aliyeachilia. Kwenye hiyo ya tatu nilitegemea kuona jina la draiva yangu. Nikakuta release_nodes, juu ya devres_release_all. Hakuna kfree yangu hata moja, nilishazifuta zote kama nilivyoshauriwa! Kama huna KASAN, washa ukaguzi wa slab (mgawaji wa memori wa kerneli). Ukiona rejista zimejaa 6b6b6b6b, hiyo ni alama ya memori iliyokwisha kuachiliwa, wala usihangaike na RAM.

Njia yenyewe ni hii. Muundo wako utenge kwa kzalloc ya kawaida. Weka struct device (muundo wa kerneli unaohesabu rejeo) ndani yake, yenyewe nzima na si pointa. Ipe release (fanksheni inayoitwa rejeo la mwisho likiachiwa) inayofanya kfree, na hiyo iwe kfree pekee ya muundo huo kwenye draiva nzima. Ita device_initialize, kisha sajili kwa cdev_device_add, iliyopo tangu kerneli 4.12. Hiyo inaifanya struct device kuwa mzazi wa cdev: faili lililo wazi linaishika cdev, cdev inamshika mzazi, na muundo haufi mpaka wa mwisho afunge. Angalizo kwenye probe: ukishaita device_initialize, chochote kikishindikana baada ya hapo unatoka kwa put_device (inayoachia rejeo), si kwa kfree. Kwenye kosa hilo nimeona hata watu wazima wakianguka.

Kwenye disconnect anza na cdev_device_del, na ujue inazuia open mpya tu. Walio na faili wazi wataendelea kuziita read na ioctl (amri maalumu kwa kifaa) zako kama kawaida. Shika kufuli, inua bendera, liachie. Amsha foleni. Ita usb_kill_urb kwa kila URB (ombi la kusafirisha data ya USB), inasubiri mpaka URB imalizike kweli. Taima inayoweza kuwashwa upya kutoka kwenye kazi za foleni (workqueue) izime kwa timer_shutdown_sync, ambayo iko tangu 6.2, fanksheni za zamani zinasubiri taima imalize lakini hazimzuii mtu kuiwasha tena baada ya wewe kugeuka. Ndipo kazi za foleni uzizime kwa cancel_work_sync. Mwisho kabisa put_device.

Upande wa pili, open, read, write na ioctl zote zishike kufuli hilo hilo, ziangalie bendera, na zisiliachie mpaka zimemaliza kugusa kifaa. Ukiangalia bendera, ukaachia kufuli, ndipo ukagusa kifaa, umerudi ulikotoka. Isipokuwa read isilale kwenye foleni ikiwa imelishika, maana disconnect itakwama ikilisubiri. Iliachie, ilale, ikiamka ilishike na kuangalia bendera upya. Safari hii bendera ipo kwenye memori iliyo hai.

Sisemi uitupe devm_. Kwa saa za chipu, ramani za rejista na vitu vya aina hiyo kwenye draiva za platform (za vifaa vilivyojengwa ndani ya chipu au bodi), itumie, ni mali ya kifaa na iende na kifaa. Ila katizo (interrupt) uliloomba kwa devm_request_irq nalo linaachiliwa baada ya remove kurudi, kwa hiyo kinyamazishe kifaa kwanza, la sivyo katizo litaingia ukiwa umeshabomoa nusu ya vitu.

Na wewe uliyejibu hapo juu kwamba haya hayakuhusu kwa sababu chipu yako imechomelewa kwenye bodi: faili la unbind ndani ya /sys halijali risasi yako ya kuchomelea. Mwenye mamlaka ya root akiandika jina la kifaa pale, remove inaitwa kama vile kimeng'olewa. Kwa mkuu mwenye uzi hiyo ni neema, huna haja ya kuchosha tundu la USB. Andika programu inayofungua faili na kulala kwenye read, dirisha jingine liandike kwenye unbind, kisha uifunge programu. Rudia kwenye kitanzi huku KASAN imewashwa. Washa na CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE, inachelewesha release makusudi, na hapo utawaona wote waliodhani put_device maana yake ni "imeshakufa sasa hivi".

Bandika probe na disconnect zako hapa ukimaliza. Nikikuta kfree ndani ya disconnect, sisomi mstari unaofuata.