Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki: pampu au koili?

SWALI: Fundi, habari yako. Nina Toyota Fielder ya 2010, injini ya 1NZ-FE, nakaa Umoja. Juzi jioni niliiwasha kuisogeza tu hadi ndani ya geti, nikaizima papo hapo. Asubuhi ikakataa. Stata inazungusha kwa nguvu, betri ni mpya, mafuta yapo, lakini injini haishiki. Fundi mmoja anasema ni pampu ya mafuta, mwingine anasema nibadilishe koili zote nne. Ninunue ipi kwanza?

JIBU: Usinunue yoyote kwa sasa. Koili nne hazifi usiku mmoja. Hiyo injini ina koili moja, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, kwa kila plagi, na ikifa moja gari bado linawaka, ila linatetemeka na kukosa nguvu. Zote nne zikikosa cheche kwa pamoja, tafuta kitu zinachotegemea zote: fyuzi, waya wa moto (umeme) unaozilisha, au sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Pampu inaweza kufa ghafla, lakini hilo lathibitishwa kwanza. Spea ya umeme ukishaitoa dukani Kirinyaga Road, si rahisi wakubali uirudishe.

Anza na lile ulilolitaja mwenyewe: injini baridi ikiwashwa na kuzimwa baada ya sekunde chache hubaki na petroli nyingi kwenye silinda, na plagi hulowa. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini kabisa, ishikilie hapo bila kuipampu, kisha zungusha stata kwa sekunde 5 hadi 10. Kompyuta ikiona pedeli imefika mwisho wakati stata inapiga, hufunga nozeli zinazonyunyiza petroli, hewa ikapita na kukausha. Injini ikianza kushika, achia pedeli polepole. Isiposhika, pumzisha stata angalau nusu dakika kabla ya kujaribu tena. Ikizungushwa mfululizo huungua.

Ikikataa hata baada ya mara tatu, toa plagi moja. Koili imefungwa kwa bolti ya spana namba 10, na plagi hutoka kwa soketi ya milimita 16. Itoe mara tu baada ya kuzungusha injini kwa sekunde 10 hivi bila kukanyaga mafuta, kisha itazame kwa karibu na uinuse. Ncha ikiwa inang'aa kwa unyevu na inanuka petroli, mafuta yanafika. Ikiwa kavu na haina harufu, hayafiki.

Sasa cheche. Chomoa soketi za nozeli zote nne kwanza, maana petroli ikirushwa kwenye tundu lililo wazi karibu na cheche ni moto. Rudisha plagi ndani ya koili, laza chuma chake kwenye chuma cha injini mbali na tundu, mtu azungushe. Usiishike kwa mkono. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Ya manjano au hafifu, angalia plagi: mwanya wake uwe milimita 1.1.

Mafundi wengi hukosea hapa. Wanaweka switi ON, hawasikii pampu ikilia nyuma, wanatangaza imekufa. Kwenye injini hii pampu hungoja kompyuta ione krenki inazunguka ndipo ipewe moto, kwa hiyo isikilize wakati stata inapiga, sikio likiwa kwenye kiti cha nyuma. Na kwa sababu hiyo hiyo, sensa ya krenki ikifa unakosa mafuta na cheche kwa pamoja. Plagi kavu isiyo na cheche, usiiguse pampu. Unganisha mashine ya kusoma kompyuta, uangalie idadi ya mizunguko wakati stata inapiga. Ikibaki sifuri, au ukipata kodi ya hitilafu P0335, angalia sensa ya krenki na waya wake kabla ya kingine chochote.

Cheche ikiwepo na plagi ikiwa kavu, hapo ndipo pampu inashukiwa, lakini kuna kitu cha kutazama kabla yake. Magari mengi ya Nairobi yamefungwa alamu au traka yenye rilei, yaani switi ya umeme, ya kukata moto wa pampu. Waya wa gari hukatwa chini ya dashibodi, upande wa dereva, ukapitishwa kwenye hiyo rilei kwa viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu. Kiungo kikilegea au rilei ikiungua, pampu nzima kabisa hukaa bila umeme. Ifuate rilei hiyo, ipapase kiungo kwa kiungo. Tepu iliyoyeyuka au waya uliogeuka mweusi utauona. Traka ikiwa ya mkopo au bima, wapigie walioifunga kabla ya kuigusa.

Kisha fyuzi iliyoandikwa EFI. Kisha pima kwa mita kwenye soketi ya pampu, chini ya kiti cha nyuma, stata ikipiga. Moto ukifika kwa nguvu kama ule wa betri, waya wa ardhi ukiwa mzima na pampu ikiwa kimya, hapo nunua pampu. Ikilia lakini injini haishiki, pima presha kwenye bomba la nozeli: iwe kati ya psi 44 na 50.

Jambo moja la kusikiliza: stata ikizungusha upesi na kwa wepesi kuliko ilivyozoea, bila ule mdundo wa kupanda na kushuka, silinda hazina mgandamizo, yaani hazibani hewa. Mara nyingine ni petroli iliyoosha oili kwenye kuta za silinda, na kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la kila plagi hurudisha mgandamizo kwa muda. Usiporudi, acha kuzungusha kabisa. Hapo huenda mnyororo wa taimingi umeruka, na valvu zikigongana na pistoni gharama inakuwa nyingine.