Jibu: Gereza la Kilwa lipigwe plasta?

Mangi, umeuliza kwa nini Gereza la Kilwa Kisiwani, ile ngome kongwe ya pwani ya Lindi, lisipigwe plasta ya saruji kama nyumba zetu hapa Moshi, na wakazi wa kisiwa wahamishiwe bara.

Saruji ndiyo ingelimaliza Gereza haraka. Ngome ile Wareno waliianza 1505, Waomani wakaja kuijenga upya, na ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tumbawe lina vitundu: linavuta unyevu wa bahari na kuutoa. Ukilifunga kwa saruji, maji yanakwama, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na plasta ikibanduka inaondoka na uso wa jiwe. Ndiyo maana ukarabati unadai chokaa, tena fundi anayeijua. Sisi tuliozoea jiwe gumu la mlimani hatuoni tatizo.

Kuhamisha watu siafiki kabisa. Ukuta unaliwa na mawimbi, si wanakijiji. UNESCO iliyaweka magofu kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikayatoa 2014 baada ya kazi kubwa. Mkazi ndiye anayeiona mikoko inayokinga ukuta na mawimbi ikikatwa kabla ya ofisa yeyote kuvuka na boti. Mpeni mpango wa ardhi unaoeleweka: hapa jenga, hapa usiguse.