Kabla Hujawasha: Makosa ya Aibu Unapojifanyia Sevisi ya Gari

Anayeanza kujitengenezea gari huogopa kazi nzito: kufungua injini, kushusha giaboksi. Hizo kwa kawaida hazigusi, anamwachia fundi. Aibu humkuta kwenye oili, plagi, betri na breki, kazi ambazo kila mtu amemwambia ni rahisi. Na karibu makosa yote ya aina hii hujionyesha kabla ufunguo haujazungushwa, ukijua pa kutazama. Injini ikishawaka, kosa la dakika tano linageuka gharama.

Mifano mingi hapa ni ya Toyota zenye injini ya 1NZ-FE: IST, Probox, Raum, Premio na Allion za cc 1500. Ndizo zilizojaa mitaani kwetu, na spea zake utazipata Kariakoo kama utakavyozipata Kirinyaga Road, Nairobi. Kama gari lako ni la aina nyingine, vipimo vitatofautiana, lakini makosa ni yale yale.

Tuanze na oili, maana hapo ndipo watu huumia zaidi. Kosa kubwa kuliko yote ni kumwaga oili ya giaboksi ukidhani unamwaga ya injini. Mtu analala chini ya gari, anaona nati moja imekaa vizuri chini ya bakuli la chuma, anaifungua, oili inatoka, anaridhika. Kisha anamimina oili mpya kwenye injini ambayo bado ina oili yake yote. Sasa injini ina karibu mara mbili ya kiasi chake, na giaboksi ya oto imebaki na oili kidogo isiyotosha. Akiwasha, kranki (mhimili unaozunguka ndani ya injini) inapiga ile oili iliyozidi hadi inatoa povu, moshi unatoka nyuma, na akiweka D gari linavuta kidogo kisha linakataa. Wengi hudhani wangeligundua kosa kwa rangi. ATF, yaani oili ya giaboksi ya oto, ikiwa mpya ni nyekundu, kweli, lakini iliyozeeka inakuwa ya kahawia iliyokolea, na chini ya gari kwenye kivuli huwezi kuitofautisha na oili ya injini.

Kwenye Toyota hizi injini imekaa kwa kukingama, si kwa urefu wa gari. Ukikaa kwenye usukani wa kulia, injini iko upande wako na giaboksi iko upande wa abiria. Nati ya sampo ya injini, lile bakuli la oili, ni ya spana namba 14. Ukikuta nati ya kufungulia kwa Allen ki, simama, huenda uko kwenye giaboksi. Lakini kinga iliyo bora kuliko kukariri ni hii: ukishamaliza kumwaga, kabla ya kumimina hata tone, chomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kikitoka kikavu, umemwaga penyewe. Kikionyesha oili imejaa, umemwaga pengine. Hapo usiwashe. Tafuta ATF ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha giaboksi au kwenye kitabu cha gari, rudisha kiasi kilekile ulichotoa, kisha uendelee na sampo sahihi. Magari ya CVT (giaboksi ya oto isiyo na gia za hatua), kama Fielder na Axio nyingi, yana oili yake maalumu. Usijaribu kujazia ATF ya kawaida.

Kosa la pili la oili ni gasketi mbili. Unafungua filta ya zamani, mpira wake unabaki umegandia kwenye injini, wewe unafunga filta mpya juu yake. Kwa macho kila kitu kiko sawa. Ukiwasha, presha inasukuma mipira miwili iliyolaliana, inateleza, na oili inamwagika sakafuni kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo filta ya zamani ikitoka, igeuze uangalie: mpira uko? Kama haupo, uko juu kwenye injini, ung'oe kwa kidole. Futa sehemu inapokaa filta, paka oili safi kidogo kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Mkono unatosha. Wanaokaza kwa spana ya filta ndio hao ambao sevisi inayofuata wanaipasua kwa bisibisi ili itoke.

Nati ya sampo nayo ina yake. Ni M12 (unene wa milimita 12), inakazwa takribani 38 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), ambayo kwa spana fupi ni kukaza kwa mkono mmoja bila kuning'inia. Wengi wanaogopa itavuja, wanakaza kwa nguvu zote, na baada ya sevisi kadhaa thredi zimeliwa na sampo inahitaji kuchongwa upya au kubadilishwa. Kinachozuia kuvuja ni wosha, hivyo badilisha wosha kila mara unapomwaga oili. Bei yake ni ndogo mno kuifanyia ubahili.

Kisha kiasi. 1NZ-FE inachukua takribani lita 3.7 ukibadilisha na filta, wakati galoni inayouzwa dukani ni lita 4. Mtu anamimina galoni nzima kwa sababu ameinunua. Mimina lita 3.5, subiri dakika chache ishuke, pima, ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu. Washa kwa dakika moja huku ukichungulia chini kama kuna tone, zima, subiri dakika tano, pima tena, maana filta imeshanywa sehemu yake. Na kifuniko cha kumiminia kirudishwe kabla ya kuwasha. Kikisahaulika, oili inaruka boneti nzima na harufu ya kuungua itakufuata wiki nzima.

Plagi ni kazi ya nusu saa, ila inataka subira. Injini iwe imepoa, kwa kuwa kichwa cha silinda ni alumini na plagi ya chuma ikitolewa kwenye moto inaweza kutoka na thredi zake. Puliza vumbi na mchanga kwenye shimo kabla ya kufungua, vinginevyo vyote vitaanguka ndani ya silinda. Plagi mpya isiingizwe kwa rachi. Ichomeke kwenye soketi ya 16 na kiungio chake, au kwenye kipande cha mpira wa mafuta, uizungushe kwa vidole. Kwanza irudishe nyuma taratibu mpaka usikie inashuka kwa kamlio kadogo, ndipo uanze kukaza mbele. Ikigoma baada ya nusu mzunguko, itoe uanze upya. Plagi iliyoingia kombo inaharibu kichwa, na kichwa kikishaharibika utaingiza thredi mpya kwa fundi wa kukereza. Ikikaa, ongeza nusu mzunguko hivi kwa plagi mpya yenye wosha, yaani 18 Nm. Plagi za iridiamu usizigongegonge kurekebisha nafasi ya cheche. Zinakuja na milimita 1.1 tayari na ncha yake ni nyembamba, inavunjika.

Baada ya plagi, gari likitetemeka watu hukimbilia kununua koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Kwanza angalia kama soketi za koili zimebana zote, vile vishikio vyake vya plastiki huzeeka kwa joto na kukatika. Angalia pia soketi ya sensa ya hewa juu ya boksi la filta, na mpira mdogo wa hewa unaotoka kwenye kava la injini. Kimoja kikiachwa wazi, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Kama mashine ya kusoma makosa inatoa P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi vizuri, hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya pili. Kosa likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, tafuta kwingine, na pesa yako iko salama.

Kwenye betri, hasi inatoka kwanza na kurudi mwisho. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari ni hasi: ukifungua chanya kwanza na spana ikagusa bodi, cheche itakuonyesha betri ina nguvu kiasi gani. Kosa la gharama ni kugeuza nyaya. Mara nyingi linaanzia dukani. Betri za mtindo wa Kijapani zina L au R kwenye jina, kwa mfano 46B24L na 46B24R, na herufi hiyo inaeleza chanya iko upande gani. Ukinunua isiyo yako, waya haufiki, na katika kuigeuza ili ufike ndipo watu huchanganya. Ukibahatika itaungua fyuzi kuu tu, ambayo nyingi zimefungwa kwa boliti na hazichomolewi kwa vidole. Usipobahatika, daiodi za altaneta na kompyuta ya gari vinaenda nayo. Nenda dukani na betri ya zamani mkononi, au angalau picha yake.

Breki ndipo tunaposisitiza zaidi, kwa sababu kosa la huku haliishii kwenye aibu. Kuna watu hufunga pedi kinyume, chuma kikielekea diski, hasa wanapofanya jioni bila taa. Kuna wanaofungua kalipa (vishikio vinavyobana pedi) zote mbili kwa pamoja na kuzirudisha kushoto kulia. Zinaingia bila shida, lakini nipo ya kutolea hewa sasa imekaa chini, hewa imebaki juu, na utapampu siku nzima pedeli ikibaki laini. Nipo lazima iwe juu. Fanya upande mmoja umalize ndipo uende wa pili, upande ambao hujaugusa ndio ramani yako. Kalipa usiiache ining'inie kwenye mpira wake, ifunge kwa waya kwenye springi. Kabla ya kusukuma pistoni ya kalipa irudi ndani, fungua kopo la mafuta ya breki uone kiwango, yakifurika yanakula rangi ya gari. Kwenye kopo hilo kisiingie chochote isipokuwa mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini au ya pawa stiringi, hata kidogo, inavimbisha raba za mfumo mzima.

Na ukimaliza, kanyaga pedeli mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Pistoni ulizirudisha ndani, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaenda hadi chini bila kushika. Aliyesahau hili hugundua akiwa anatoka rivasi kuelekea ukutani.

Tairi: legeza nati kabla ya kuinua, weka stendi chini ya bodi kabla ya kuingiza hata mkono, na jeki ishike pale penye alama mbili za pengo kwenye ukingo wa chini wa bodi, si kwenye bati la sakafu. Upande wa nati wenye umbo la koni uelekee rimu. Kaza kwa msalaba hadi 103 Nm, bila grisi kwenye stadi (boliti zinazoshika tairi), na ukague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kusimama juu ya spana ya tairi kunarefusha stadi mpaka ikatike.

Rejeta usiifungue ya moto. Na gari likichemsha, usikubali ushauri wa kutoa themostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini. Kwenye injini hizi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na bila hiyo injini inakaa baridi, inakula mafuta, huku sababu yenyewe, mara nyingi feni, rejeta iliyoziba au hewa iliyonasa, ikibaki palepale.

Fyuzi ikiungua, weka yenye rangi ileile: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ikiungua tena, kuna waya umegusa mahali, na fyuzi kubwa zaidi itahamishia moto kwenye waya huo. Nyaya zenye soketi za njano chini ya usukani ni za eabegi. Kama lazima uziguse, chomoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kwanza.