Maji ya Kijani Siku ya Kujifungua

SWALI: Binti yangu amejifungua juzi hapa Tanga, mimba ya wiki 41. Maji yalitoka ya kijani, lakini mkunga alimfuta tu mtoto akamweka kifuani kwa mama yake, hakumfyonza ute. Mashangazi wa mtoto wanasema amepuuza, mtoto kanywa maji machafu. Ni kweli?
Bibi wa Makorora

JIBU: Shikamoo bibi, na hongera kwa mjukuu. Kama alilia mwenyewe, mkunga hakupuuza.

Ukijani ule ni kinyesi cha kwanza, ambacho mtoto amekitoa angali tumboni. Hutokea kwa uzazi kama 10 hadi 15 katika kila 100, na huzidi mimba inapopita wiki 40, maana utumbo umeshakomaa. Sababu ya kutisha ni nyingine: mtoto amekosa hewa, njia ya haja ikalegea, naye akaanza kutweta humohumo. Hapo neno "kunywa" linapotosha. Yaliyoingia tumboni si tatizo kubwa. Hatari ni yaliyovutwa mapafuni, na mara nyingi huwa yamevutwa kabla hajazaliwa. Mpira wa kufyonzea hauwezi kuyafuata huko.

Zamani watoto hawa walifyonzwa kichwa kinapotokeza tu. Utafiti uliofanywa Argentina na Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba hakuna faida. Tena mpira ukigusa nyuma ya koo, mapigo ya moyo yanaweza kushuka na pumzi kukatika.

Kinachoamua ni dakika ya kwanza. Akilia: akaushwe, nguo mbichi itolewe, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, kitovu kifungwe baada ya dakika 1 hadi 3. Asipolia: akaushwe na kusuguliwa mgongo. Ikiwa uchafu unaonekana umeziba, usafishwe mdomo kwanza ndipo pua. Ukianza na pua anaweza kushtuka akavuta kilichomo mdomoni. Bado hapumui? Apuliziwe hewa kwa kifuko na barakoa kabla sekunde 60 hazijaisha, mara 40 kwa dakika, na kifua kionekane kinapanda. Kisipopanda, aghalabu barakoa inavuja au shingo imekunjwa. Kosa baya ni kushughulika na kufyonza mpaka dakika ikapita. Asining'inizwe wala kupigwa makalio, hata kidogo.

Sasa mtazameni mtoto. Akiwa ametulia, hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Zikipita 60, au mbavu zinabonyea, anaguna kila anapotoa pumzi, ulimi umekuwa wa buluu, au hanyonyi, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo. Ukijani wa kucha na kitovu utafifia wenyewe. Ndiyo maana hakogeshwi kabla ya saa 24: baridi humzidishia kazi ya kupumua.

SWALI: Mimba yangu ni ya miezi minane na nusu, nakaa Pongwe. Chupa ikipasuka usiku na maji yakawa ya kijani, nisubiri uchungu?

JIBU: Usisubiri, dada. Angalia saa, vaa pedi safi nyeupe na uende nayo ili mkunga aione rangi, chukua kadi ya kliniki, ondoka. Nenda penye uwezo wa kufanya upasuaji, kama Hospitali ya Bombo, hasa maji yakiwa mazito kama mlenda au mtoto amepunguza kucheza. Njiani lala ubavu wa kushoto. Ukifika, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe mara kwa mara. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Na tafadhali, usinywe mitishamba ya kuongeza uchungu. Mji wa mimba hukaza mfululizo bila kupumzika, damu haifiki vizuri kwenye kondo, na mtoto aliyekwisha kukosa hewa huzidi kuikosa.